Suti ya Damu ya Mzee

Toleo lililopita mliniacha nimesimama na pasi mkononi, gauni langu la pekee la kutokea likifuka moshi.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, nifupishe. Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi. Mume wangu alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akaamua kuyaishi na mwanamke mwingine. Nikabaki na mama yake, ambaye miguu haimbebi tena, na mdogo wake wa kike, yaani wifi yangu, ambaye nafanya naye kazi. Yeye yuko kaunta anapokea nguo za wateja, mimi niko nyuma kwenye mvuke.

Mikono yangu imekwisha. Dawa za madoa zimeila ngozi hadi vidole vinachanika nikifunga kifungo. Daktari aliniambia niache kazi ya maji nitafute kazi ya mahali pakavu, akasema hivyo kana kwamba mahali pakavu panauzwa sokoni.

Ndipo nikaomba chuo cha jamii, kozi ya wauza dawa. Chuo kile kinachukua hata sisi tulioacha shule njiani, ila ukifika miaka thelathini na tano kinakufungia mlango, na mimi nafikisha mwakani. Nikaitwa kwenye usaili. Bosi wetu tunamwita Sabuni kwa kuwa ukimshika hapa anatelezea kule, lakini siku ile hakuteleza. Aliniambia nikienda huko nisirudi. Nikajikaza kisabuni na mimi, nikamwambia nitakwenda.

Siku mbili kabla ya usaili, wenzangu wakiwa wanafunga kazi, nikalitandika gauni langu mezani nilipige pasi. Nimepiga pasi mashati ya mawakili na mashela ya maharusi, sijawahi kuunguza hata kifungo. Siku ya nguo yangu mwenyewe mawazo yakanichukua, pasi ikalala mahali ilipotaka. Mganga hajigangi.

Wifi alikuja mbio aliposikia harufu. Akalitazama lile tundu, akanitazama mimi.

"Sasa utakwenda na nini?"

"Na aibu yangu."

"Hiyo hata mimi ninayo, wifi, na inanibana. Njoo huku."

Hapa inabidi niwafunulie siri ya madobi, na mwenzangu yeyote wa kazi akisoma anisamehe. Kila duka la dobi lina nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mwingine amehama, mwingine amefungwa, mwingine amenenepa na hataki kujua. Nguo hizo hutundikwa mwisho kabisa wa fimbo, karibu na ukuta, na sisi tunaziita mayatima. Na ukiwa na harusi, au msiba, au jambo lolote la kuonekana na watu, unamtoa yatima mmoja matembezi. Unavaa siku moja, unafua, unapiga pasi, unarudisha. Mabosi wote wanajua na wote wanajifanya hawajui. Sheria ni moja tu, kwamba yatima arudi msafi.

Wifi alisogeza mayatima kwa mkono kama mtu anayepekua kabati lake. Akafika mwisho, akatoa nguo iliyofunikwa nailoni.

Ilikuwa suti ya kike, koti na sketi, rangi ya damu ya mzee. Kitambaa kizito, bitana ya hariri, vifungo vimefunikwa kwa kitambaa chenyewe. Fundi aliyeishona hakuwa na haraka. Nilipoigusa, vidole vyangu vibovu vikaona haya.

Nikamuuliza ni ya nani.

"Mwenyewe hajaiulizia tangu aiache. Vaa, wifi. Ukikaa mbele yao kaa wima, usijifunike na mkoba. Waache waione."

Nikadhani ni maneno ya wifi tu. Ningejua alikuwa anasema nini, ningekwenda usaili na gauni lenye tundu.

Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza dukani, kwa kuwa ndiye ninayewasha mashine ya mvuke kabla wengine hawajafika. Nikaitoa ile suti kwenye nailoni. Watu wanadhani dobi huanza kwa kutazama madoa. Dobi huanza kwa kunusa kwapa.

Nikanusa. Ilikuwa na manukato mepesi, ya mtu mwenye kiasi chake, na chini ya manukato ilikuwa na mtu mwenyewe. Jasho la mwanamke aliyevaa nguo nzuri siku ya joto.

Nikajiuliza, hii iliingiaje kwenye mayatima bila kufuliwa? Katika duka letu hata shuka ya hoteli iliyokunjwa vibaya hairudi bila kufuliwa. Nikaona ni uzembe wa mtu. Na mimi, maskini nilivyo, kitu kimoja sifanyi. Sivai jasho la mtu.

Nikaifua. Kwa mikono hii hii, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, siki kidogo ili rangi isikimbie. Nikasuuza, nikanusa kwapa, bado nikamsikia yule mwanamke kwa mbali. Nikarudia. Safari ya pili akatoka. Nikaificha katikati ya shuka za hoteli kwenye chumba cha kukaushia ili Sabuni asiione, na kabla ya jioni nilishaipiga pasi na kuifunika tena nailoni yake. Niliona fahari, sitaficha. Nilisema hata kazi yangu ya mwisho hapa nimeifanya sawasawa.

Siku ya usaili wifi alinizunguka pale nyumbani, akanirekebisha kola, akanishika mashavu. Mama mkwe akaomba nisogee karibu na kitanda anione. Akasema mwanawe ni mjinga. Hajawahi kulisema hilo kwa miaka yote niliyomuuguza, na mimi nikatoka nje ya nyumba ile nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia.

Chuoni tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Wenzangu walikuwa watoto wa juzi. Msichana aliyekaa pembeni yangu akanisogelea kwa adabu zote akaniuliza, "Mama, umemleta nani?"

Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akaomba radhi, akanipa pipi.

Jina langu likaitwa.

Ndani walikuwa watatu. Mwalimu wa kozi ya dawa, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Mjumbe wa bodi, mzee aliyekuwa anapigana na usingizi na kushindwa. Na katikati, mkuu wa chuo.

Mkuu wa chuo aliponiona mlangoni alisimama.

Hakuna aliyewahi kunisimamia maishani mwangu. Nikasema kumbe chuo kina heshima namna hii, wanasimama hata kwa mpiga pasi. Nikaketi wima, mkoba chini, kama nilivyoelekezwa. Yeye akakaa taratibu, akashika kalamu, na kuanzia hapo hakuandika neno.

Mwalimu ndiye aliyeuliza. Aliniuliza kwa nini kozi ya dawa, nikamwonyesha mikono yangu. Akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Akauliza kama ninaweza kusoma maandishi madogo, nikamwambia maisha yangu yote nimesoma vitambaa vya ndani ya kola vinavyosema nguo ifuliwe vipi, na hakuna maandishi madogo kuliko hayo. Akacheka. Mjumbe wa bodi akaamka akacheka naye, bila kujua kwa nini.

Kisha mwalimu akaniuliza mtu akija dukani bila cheti cha daktari, anataka dawa kali, analia, nitafanya nini.

"Nitamnyima, mwalimu."

"Na akiwa ndugu yako?"

"Hata akiwa ndugu yangu."

Akamgeukia mkuu wa chuo kwa uso unaosema umesikia. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama kola yangu. Nikajua nimemkuna. Nilishaanza kujiona nimesimama kwenye duka la dawa, koti jeupe, mahali pakavu pana feni.

Hatimaye akafungua mdomo.

"Suti hiyo ni yako?"

Swali dogo namna hiyo. Ningeweza kusema nimeazima. Lakini mtu akishaanza kuonekana wa maana hapendi kushuka, na mimi nilikuwa nimeonekana wa maana kwa muda usiofika hata nusu saa.

"Ya kwangu, mzee."

"Ilifuliwa lini?"

Nikafurahi. Nilidhani ni swali la usafi, kwamba muuza dawa lazima awe nadhifu. Nikamjibu kwa kirefu, kama fundi aliyeulizwa kazi yake. Nikamwambia nimeifua jana mwenyewe, kwa mkono, mara mbili, maji ya uvuguvugu na siki kidogo. Na nikaongeza hili, Mungu anisamehe:

"Ukiinusa sasa hivi, mzee, hupati chochote."

"Chochote," akarudia.

Akaweka kalamu mezani. Akaweka mikono usoni. Mwalimu akamshika bega.

Mkuu wa chuo alizungumza bila kunipigia kelele, na ndiyo maana kila neno ninalo mpaka leo. Suti ile ilikuwa ya mkewe. Aliivaa asubuhi waliyokwenda hospitali, zipu ya sketi ikamkatikia mlangoni, akaifunga na pini, akasema wakirudi ataipeleka kwa fundi. Hakurudi. Hospitali wakamrudishia mume suti, naye akaipeleka kwetu. Alimwambia dada wa kaunta, zipu tu, maji yasiiguse. Tangu siku hiyo kila akipita mbele ya duka letu anafika mlangoni anageuza. Hakuwa na nguvu ya kuichukua, lakini alikuwa anajua ipo, na mkewe yumo ndani yake.

"Nyumba nzima walishaifua," akasema. "Ndugu walikuja msibani wakafua kila kitu, wakadhani wananisaidia. Ilibaki hiyo."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na gazeti litaniwia radhi kwa kuwanukuu. Mimi nguo ile haikunisitiri hata uso. Nilipiga magoti pale pale. Nikamwambia nimedanganya, si yangu, nimeitoa dukani, sikujua.

Akaniuliza nani aliyenipa. Nikanyamaza.

Akaniuliza tena, akasema yule dada wa kaunta alimtazama machoni na kumwahidi kwa mdomo wake. Anataka kusikia kutoka kwake. Nikatazama miguu ya meza.

"Kesho asubuhi uje na aliyekupa," akasema. "Ukija naye nitakuhesabu kama mwombaji mwingine yeyote. Usipokuja naye, usije." Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na hiyo uiache hapa."

Mwalimu ndiye aliyenipeleka chooni nikavua. Hakukuwa na nguo nyingine ya kunipa isipokuwa ovaroli la wanafunzi wa uchomeleaji, la bluu, lenye jina la chuo mgongoni kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Nikalivaa. Nilipofika getini mlinzi akaniuliza, "Fundi, mmemaliza mapema leo?" Nikamjibu ndiyo, tumemaliza.

Nilipita mtaani na chuo kizima mgongoni. Watu wawili niliowafahamu walinipa hongera.

Sabuni alikuwa ameshatimiza ahadi. Nilipopita dukani kuchukua kandambili zangu nilikuta mtu mwingine kwenye pasi yangu. Wifi hakuwepo kaunta, ametumwa hoteli kupeleka shuka. Nikaenda nyumbani, nikakaa jikoni na ovaroli langu.

Aliporudi jioni alinikuta nimekaa hapo hapo. Kabla sijasema neno, akaweka mkoba chini akauliza kwa hamu:

"Alisemaje alipoiona?"

Nikamtazama. "Nani?"

Akagundua amekwishasema. Wifi yangu akidanganya anakuna kiwiko, na sasa alikuwa anavikuna viwiko vyote viwili kwa zamu.

Alinieleza yote. Yule baba alikuja na gari la chuo. Alilia pale kaunta, mtu mzima na tai yake, akiwa ameikumbatia ile suti kama mtoto mchanga. Wifi akampa fundi abadilishe zipu, kisha akaitundika mwisho wa mayatima, ndani ya nailoni, ili pasiwe na mtu wa kuitia kwenye mashine kwa bahati mbaya. Nilipoitwa usaili, akapata wazo. Akawaza yule baba akiiona suti ya mkewe inaingia mlangoni, imevaliwa na mwanamke mwenye shida zake, harufu ile ile, moyo utamlegea. Atasema hii ni ishara. Hatanikatalia.

Alikuwa ananipenda, ndicho ninachotaka mkielewe. Sijawahi kupendwa vibaya namna ile.

"Akalegea?" akaniuliza.

"Niliifua, wifi."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamwambia mara mbili, kwa mkono, siki na kila kitu. Akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na sare yake ya kazi, akanitazama kwa uso ambao sijawahi kuuona.

"Nilikwambia uvae. Nani alikwambia ufue?"

Ni miaka mingi mno nimekuwa dobi.

Mama mkwe akauliza kutoka chumbani kuna nini huko. Tukamjibu kwa pamoja kwamba hakuna kitu, mama.

Nikamweleza sharti la mkuu wa chuo. Nikamwambia sikumtaja. Akalia, akanishika mikono hii iliyochanika, akasema kosa ni lake, kesho tutakwenda wote wawili. Sabuni akisikia na asikie. Tutasimama mbele ya yule baba, yeye atasema ukweli, mimi nitapata nafasi yangu. Aliapa kwa jina la mama aliyelala chumba cha pili. Nikamwamini, na usingizi wangu wa siku ile ulikuwa mzuri kuliko wa siku nyingi.

Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

Mama mkwe alisema ameondoka kukiwa na giza bado. Nikasema ametoroka. Nikasema damu ya kaka yake hiyo, wanajua kuondoka. Nikakunja ovaroli la watu vizuri nilirudishe, nikavaa nguo za nyumbani, nikaenda chuoni peke yangu nikiwa nimeshapoteza kila kitu, ili angalau nisipoteze na adabu.

Ukumbini nikamwona wifi anatoka ofisini kwa mkuu wa chuo.

Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Kumbe hakutoroka. Kumbe ametangulia kunisafishia njia. Nikamwendea mikono wazi, na yeye akarudi nyuma hatua moja hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

"Wifi, usinishike," akasema. "Nimemwambia umeiiba."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nimemwambia sikujua. Nimemwambia niliiweka salama, wewe ukaitoa kwa siri, ukaifua. Nilikuja niseme ukweli, wallahi nilikuja kwa ukweli. Nikakaa kwenye benchi hili nikawaza. Sabuni akijua ni mimi, natoka leo. Wewe umeshatoka. Mama atakula nini? Dawa zake nani atanunua? Huko chuoni hawalipi mshahara, wifi. Ni miaka miwili mpaka umalize. Mmoja wetu lazima abaki na kazi."

Alisema haya yote bila kufuta machozi, mikono imeshika mkoba.

Nilitafuta neno la kumpinga. Nilitafuta tusi, nilitafuta hata kofi. Sikupata, kwa sababu alichosema nilikuwa nimeshakiwaza mwenyewe kitandani na kukisukuma pembeni. Nilimchukia pale ukumbini kwa kuwa sahihi.

Mkuu wa chuo akafungua mlango. Hakuwa amelala, na tai ilikuwa ile ile ya jana. Akaniambia niingie, akamwambia na wifi arudi ndani.

Mwalimu wa miwani ya kamba alikuwa amesimama dirishani. Suti ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango.

Mkuu wa chuo alikaa, akasema hajaja kazini kwa hasira. Amekesha, na amejua kwamba mtu aliyeifua suti ile kwa namna nilivyoeleza hakutaka kumwumiza. Mwalimu amemwambia nimewashinda waombaji wote. Kozi inaanza Jumatatu na nafasi ipo.

"Ila sichukui mwizi kwenye kozi ya dawa," akasema. "Duka la dawa si mahali pa mwizi. Huyu dada anasema uliiiba. Mimi jana nilikuona umepiga magoti na ukakataa kumtaja mtu, na sijawahi kuona mwizi anayefanya hivyo. Nadhani anadanganya. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Sema anadanganya, na yaliyobaki niachie mimi."

Neno moja. Sikutakiwa hata kuthibitisha.

Nilimtazama wifi. Alikuwa anakuna viwiko. Nikatuona sote watatu, yeye na mama na mimi, jikoni kwetu, bila mshahara hata mmoja. Kisha nikaliona lile duka la dawa, koti jeupe, mahali pakavu. Nililiona vizuri sana. Nilitaka kile kitu kuliko nilivyowahi kumtaka mume wangu, na ninawaambia haya ili msije mkanisifu.

Mwalimu akasema taratibu kutoka dirishani, "Jana uliniambia hata akiwa ndugu yako."

"Nilikwambia, mwalimu."

"Basi sema."

"Hadanganyi," nikasema. "Niliiiba."

Mwalimu akageukia dirisha. Mkuu wa chuo akanyanyua simu, akamwambia aliyekuwa upande wa pili kwamba ndiye, amekiri, wanaweza kuja. Akaniambia alishampa bosi wetu habari ya suti toka alfajiri, naye alikuwa anasubiri neno hilo tu, na anakuja na askari.

Wifi akatoka. Hakunitazama, na mlango hakuufunga.

Niliambiwa nikae nisubiri. Nikakaa kwenye kiti kile kile cha jana, ovaroli la watu mapajani. Mwalimu alipita mbele yangu akaenda hadi ukumbini, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nilimsikia akimwambia msichana fulani aliyekuwa akisubiri majibu ya usaili ainuke kwenye benchi aje ndani, nafasi moja ya kozi ya dawa imepatikana.